Kesi ya Msichana Maskini na Mvulana Tajiri

Wasomaji, hoja hizi mmekwisha kuzisikia. Husemwa katika vyumba vya walimu hapa Bukavu, kwenye meza za wauza vitabu, na nyumbani pia, mama anapomkuta binti yake bado macho usiku wa manane, simu ikimmulika uso: waacheni vijana na riwaya zao za mapenzi, zina ubaya gani? Nimewasikiliza watetezi kwa makini. Nimezisoma na riwaya zenyewe, zile za Kifaransa zinazorushwa kutoka simu hadi simu, na zile za karatasi zilizochakaa kwa kupita mikono mingi. Naziweka hoja zao mbele yenu moja baada ya nyingine, kila moja kwa nguvu yake yote. Kuhukumu ni kazi yenu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Msichana ni maskini, mpole, mzuri asiyejua kwamba ni mzuri. Mvulana ni tajiri au maarufu, ana maneno makali, na ana jeraha la utotoni ambalo hajamwambia mtu. Wanagongana mlangoni, kitabu kinaanguka, macho yanakutana. Wanachukiana kwa muda. Pembeni yupo rafiki wa kike asiye na maisha yake mwenyewe, kazi yake kusikiliza. Yupo na mshindani, msichana aliyejipamba na mwenye roho mbaya. Karibu na mwisho unatokea uongo, au picha iliyoeleweka vibaya; wanaachana, mmoja analazwa hospitali au anakimbilia uwanja wa ndege, wanarudiana. Badilisha jina la mji, badilisha majina ya watu, mengine yote yanabaki yalivyo. Wahakiki wa Kiswahili huziita hadithi za mkondo huu riwaya pendwa, na watu wake huwaita wahusika bapa, yaani wasio na undani. Sina ugomvi na riwaya pendwa kwa jumla, wala na mapenzi. Ugomvi wangu ni na kiunzi hiki kimoja na wanaokitetea.

Hoja yao ya kwanza inasema kila sanaa ina kanuni. Utenzi una mishororo minne katika kila ubeti na mizani nane katika kila mshororo, na hakuna anayeudharau kwa sababu hiyo; kwa nini basi riwaya ya mapenzi ilaumiwe kwa kuwa na kanuni zake? Hii ndiyo hoja bora waliyo nayo, na inastahili kujibiwa polepole. Kanuni ya utenzi humfunga mtunzi katika hesabu ya silabi na sauti ya vina. Haimwambii shujaa atashinda au atashindwa. Haimwambii mwanamke atakubali au atakataa. Katika umbo hilohilo Mwana Kupona alimwachia binti yake wosia mwaka 1858, na katika umbo hilohilo Shaaban Robert alisimulia vita vya dunia. Umbo moja, mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kanuni ya riwaya ninazozizungumzia inafanya kinyume chake: lugha inaachwa iende itakavyo, ila maamuzi ya watu yamefungwa tangu ukurasa wa kwanza. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kinaitambua riwaya ya aina hii kwa mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Hiyo ni kanuni juu ya maisha ya wahusika, wala haihusu umbo la maandishi.

Hapo ndipo watetezi humwita Shakespeare awe shahidi wao. Romeo na Juliet, wanasema, ni mapenzi ya vijana, na dunia nzima inayaheshimu. Lakini Romeo na Juliet wanakufa. Kwa kanuni niliyoitaja hivi punde, hadithi yao ingerudishwa kwa mwandishi ikarekebishwe mwisho. Huwezi kutetea kiwanda kwa kuonyesha kazi ambayo kiwanda chenyewe kingeikataa.

Hoja ya pili ni ya soko: vijana wanazitaka, na wewe ni nani hata uwachagulie? Tuitazame historia ya huko kutaka. Harlequin ilianzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949. Mwaka 1971 ilinunua Mills & Boon ya London, na mwaka huohuo uongozi wake ulishikwa na Lawrence Heisey, mtu aliyetoka Procter & Gamble, kampuni ya sabuni. Alichokileta ni ujuzi wa kuuza sabuni: jina la bidhaa liwe kubwa kuliko jina la mwandishi, vitabu viwekwe madukani ambako wanawake hununua vyakula, na kila kitabu kiwe na hakika ya kufanana na kile kilichopendwa jana. Mwaka 1978 wakaingia Ufaransa, na kwa njia ya Kifaransa mtindo ukatufikia sisi. Kufanana kwa hadithi hizi kulipangwa na wauzaji, mbali kabisa na moyo wa kijana wa Kadutu, hapa mjini kwetu.

Kisha tuulize kijana huyo alichagua kati ya nini na nini. Vitenge na vipuri vya pikipiki hutoka bandari ya Dar es Salaam kwa malori na kutufikia. Riwaya za Kiswahili zinazochapishwa Dar es Salaam hiyohiyo hazipandi malori hayo. Mtu aliyewekewa sahani moja mezani akala, hatuwezi kusema ameichagua. Na angalieni jinsi mtetezi anavyojipinga: anasema vijana wanazipenda riwaya hizi kuliko zote, na dakika moja baadaye anasema tusiziguse kwa sababu hawana kingine cha kusoma. Kama hawana kingine, upendeleo wao aliupimaje?

Ya tatu nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema mambo ya Winnipeg yamepitwa na wakati, leo tuna riwaya zetu. Mwaka 1998, mjini Abidjan, Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianzisha mkusanyo wa Adoras: wahusika Waafrika, miji ya Afrika, vyakula vyetu, mahari, mama mkwe. Nakubali kwamba hilo lilikuwa jambo. Msichana aliyezoea kusoma juu ya nywele za dhahabu alifungua kitabu akakuta mtu anayefanana na dada yake, na faida hiyo siipunguzi. Lakini madai yao ni makubwa kuliko hayo. Wanadai hadithi imekuwa yetu. Ichukueni riwaya yoyote ya mkondo huo, ya Abidjan au ya kwingine, muondoe majina na vyakula. Mtakutana na mwanamume mwenye gari na mwanamke mwenye subira, na mshindani wa kike yuko palepale. Kuvaa kitenge hakubadilishi mifupa. Tena uovu umepata mlango mpya, maana mama mkwe wa Kiafrika, mtu mwenye hofu zake na sababu zake, amegeuzwa bapa kama yule mshindani, akasimama mlangoni akingoja kushindwa.

Hoja ya nne kwa kweli ni mbili, na mtetezi yuleyule huzitoa zote. Ukimwambia riwaya hizi zinawazoesha wasichana kuvumilia dharau, anajibu: hizi ni hadithi tu, msomaji ana akili, anajua kutenganisha. Ukimwuliza basi zina faida gani, anajibu: zinawafunza Kifaransa, zinawafunza kueleza hisia, zinawaonyesha mapenzi ya kweli. Wasomaji, hawezi kushika vyote viwili. Kama kitabu kina nguvu ya kuingiza maneno na hisia kichwani mwa msomaji, hakiwezi kuipoteza nguvu hiyo ghafla kinapofika pale mvulana anapomshika msichana mkono kwa nguvu na kumzuia kuondoka. Na kama hakiachi alama yoyote, basi hata Kifaransa hakikuachwa. Kuhusu Kifaransa chenyewe, ni kweli mwanafunzi anayesoma sana huandika kwa wepesi, na atakapoufikia mtihani wa Serikali wepesi huo utamsaidia. Lakini msamiati wa kiunzi hiki ni wa macho, mapigo ya moyo, machozi na mvua. Humo atajifunza njia nyingi za kusema moyo ulidunda. Namna ya kumwambia mtu anayempenda kwamba hakubaliani naye, hiyo hataikuta.

Tufike kwenye mhusika ambaye jengo lote limesimama juu yake, yule mvulana mkali. Hoja ya tano ya watetezi inasema: anaanza akiwa mbaya ili tuone akibadilika, na mapenzi humbadilisha mtu, je, si ndivyo tunavyohubiriwa hata kanisani? Hoja hii inagusa tumaini la watu, kwa hiyo nitakaa nayo. Chukueni vitabu viwili ambavyo wasomaji wengi wa umri huu wanavijua. Katika Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, iliyotoka kwa Kifaransa kwa jina la Fascination, Edward huingia usiku chumbani mwa Bella bila yeye kujua, akamtazama akilala. Anapokuja kuambiwa, Bella anaona amepewa heshima. Katika After ya Anna Todd, iliyoanza kutoka kwa vipande kwenye Wattpad mwaka 2013, Hardin ameweka dau na wenzake kwamba atauchukua ubikira wa Tessa. Tessa anakuja kujua baadaye sana, wakati amekwisha kumpenda. Hadithi haiishi hapo. Inaendelea vitabu kadhaa, na mwishowe wawili hao wako pamoja.

Sasa tuulize swali la hakimu: nani amelipa gharama ya mabadiliko? Mvulana wa kiunzi hiki hapotezi kitu. Hasimami mbele ya wote aliowaumiza, wala haendi kujitengeneza mwenyewe kisha arudi. Anasubiri, na msichana anafanya kazi. Anamsamehe, anamwuliza habari za utoto wake, analia usiku na asubuhi anarudi. Mahubiri ya kanisani humdai mwenye dhambi toba. Kiunzi kinamdai aliyekosewa subira. Wanaovilinganisha viwili hivi hawajasikiliza mahubiri, au hawajasoma riwaya. Watetezi husema pia kwamba msichana wa hadithi hizi ni shujaa, mwenye nguvu, kwa kuwa ameushinda moyo mgumu. Nguvu hiyo inapimwa kwa nini? Kwa wingi wa aliyoyavumilia. Angeondoka baada ya tusi la kwanza, asingekuwa shujaa, kwa sababu kusingekuwa na kitabu.

Juu ya hilo kiunzi kimelifanya neno “hapana” kuwa ngazi ya kwanza ya kupanda kuelekea “ndiyo”. Msichana anakataa, mvulana anaendelea, na kule kuendelea kunaitwa mapenzi.

Ndani ya hoja hiyohiyo kuna wanaosema mapenzi hayana umri, pale mwanamume mwenye kampuni anapomfuata msichana ambaye bado yuko sekondari. Jibu ni fupi. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilikuwa ikimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sheria ya Januari 10, 2009 ya ulinzi wa mtoto ikasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na ndoa yake imekatazwa, na marekebisho ya Kanuni hiyo mwaka 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote wawili. Nchi imejirekebisha. Mwandishi wa mwaka huu hana udhuru wa kubaki 1987.

Hoja ya sita ndiyo inayonitoa usingizi, na anayeisema huwa hafanyi mchezo. Vijana wetu, anasema, wameona vita. Bukavu iliingiliwa mwaka 1996, ikaingiliwa tena 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Msichana aliyekaa chini ya kitanda akisikiliza risasi ana haki ya kusoma juu ya mvulana mzuri na harusi nyeupe, na mtu anayemnyang'anya kitabu hicho ana moyo wa jiwe. Nakubali haki hiyo yote, na simnyang'anyi mtu kitabu. Ninachokataa ni dai kwamba kiunzi hiki ni pumziko. Mtu hupumzika kwa kuondoka kwenye kile kinachomchosha. Ni nini kinachowachosha wasichana wa Kivu? Hospitali ya Panzi ilianzishwa hapa mwaka 1999; kazi ya Daktari Denis Mukwege na wenzake humo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018; mwaka 2011 ukafunguliwa pia Mji wa Furaha, Cité de la Joie, wa kuwapokea wanawake waliotendewa jeuri. Dunia nzima inajua mji huu umebeba nini: wanaume wenye nguvu ambao hawakusikia “hapana”. Sisemi riwaya inazaa ubakaji. Bunduki na kutoadhibiwa ndivyo vilivyouzaa. Nasema mtu anayetaka kumpumzisha msichana wa mji huu asimpelekee, kwa jina la ndoto tamu, mwanamume mwingine ambaye hasikii “hapana”, safari hii amevaa suti na kunukia vizuri. Pumziko lake lingekuwa mvulana anayeuliza, akajibiwa, akasikia.

Tena hoja hii haikai nyumba moja na ile ya nne. Kama hadithi zina uwezo wa kuponya waliojeruhiwa na vita, basi si “hadithi tu”.

Baadhi ya watetezi, wakifika hapa, huacha vitabu na kunigeukia mimi. Mnashambulia riwaya hizi, wanasema, kwa sababu zinasomwa na wasichana. Riwaya za wapelelezi, ambazo husomwa na wanaume, zina kiunzi kilekile miaka nenda miaka rudi na hamsemi neno. Shitaka hili lina ukweli ndani yake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, hushinda kila mara, na wazee wetu walimsoma kwa furaha bila kuitwa wajinga. Anayezicheka riwaya za mapenzi na kuzisifu za wapelelezi anapima kwa mizani mbili. Lakini shitaka linanihusu tu ikiwa ninawahukumu wasomaji, na mimi ninawahukumu waandishi na wachapishaji. Na tukitafuta dharau kwa wasichana, iko ndani ya kiunzi chenyewe. Rafiki wa kike hana masomo yanayomsumbua, hana mama mgonjwa, hana mvulana anayempenda yeye. Yupo ili asikilize. Mshindani ni mwovu kwa kuwa amejipaka rangi mdomoni. Wasichana wawili hawakai ukurasa mzima wakiongea jambo lisilomhusu mvulana. Anayesema kuukosoa utaratibu huu ni kuwadharau wasichana atueleze ni wasichana gani wa Nyawera au Bagira wanaoishi hivyo.

Inabaki hoja ya mwisho: basi andikeni nyingine, muone kama kuna atakayezisoma. Wengine wameandika, na zimesomwa. Euphrase Kezilahabi alikuwa hajatimiza miaka thelathini Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971. Ni hadithi ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake anamlinda kwa fimbo dhidi ya wavulana, na ulinzi huo unamwacha bila akili ya kujilinda mwenyewe. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kufundishwa. Mwaka uliofuata ikatoka Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambamo kijana anayependwa ndiye anayesaliti, na mapenzi hayamtakasi. Mtetezi atasema: hizo ni huzuni tupu, kijana anataka furaha. Haya, aisome Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin anaozeshwa mdogo kwa mwanamume mzee, anamkimbia, anampenda Denge mwanamapinduzi, na maisha yake hayakomi mapenzi hayo yanapokatika. Furaha imo, na hatari imo. Msomaji anageuza ukurasa kwa sababu hajui Yasmin ataamua nini kesho. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu. Nani basi alisema bila kiunzi hakuna hamu?

Na hapa kwetu hadithi zimelala bila mwandishi. Sheria ya Kongo haiifungi ndoa bila mahari kutolewa, walau sehemu yake. Kwa hiyo kila mapenzi yanayotaka kuwa ndoa lazima yapite katika kikao cha familia mbili. Kuna ng'ombe wa mila ya Kishi wanaohesabiwa leo kwa dola, kuna shangazi aliyenyimwa sehemu yake mwaka jana, kuna kaka wa msichana anayetaka mahari hiyo ili naye aoe. Kisha wanakwenda komini, Ibanda au Kadutu, na pale sheria inataka ridhaa itoke kinywani mwa kila mmoja wao. Tangu mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena idhini ya mumewe ili afungue kesi mahakamani. Ni wachumba wangapi wameliongea hilo kabla ya harusi, na ni wangapi waligombana kwa sababu yake? Kiunzi huruka haya yote, kutoka busu la mvua moja kwa moja hadi shela nyeupe. Mtetezi anayeniambia kwamba mapenzi ya vijana hayana hadithi nyingine zaidi ya hiyo hajawahi kukaa kwenye kikao cha mahari hadi mwisho.